Makunyanzi ya Bi Zeyana

Haya, nakutegea: shamba langu limejaa matuta, na jembe sikulishika. Fikiri. Mji wako kaa nao kwanza, usinipe bado, maana jibu lenyewe liko njiani, limebeba kapu la nguo mbichi.

Asubuhi hiyo Bi Khole alikuwa barazani kwake, Tabora mjini, nyuma ya soko, akisaga mti wa liwa wenye manukato juu ya jiwe. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Liwa aliichanganya na maji ya mawaridi, akatia nta iliyoyeyushwa, nta ya nyuki wa porini ambayo warina asali wa Kinyamwezi waliiteremsha mjini. Mchanganyiko ukiwa vuguvugu alimpaka mteja usoni, akamfunika kitambaa cha bafta, akamwambia alale asiseme. Nta ilipoganda alikibandua kitambaa kwa mkupuo mmoja, kutoka kidevuni kwenda juu, na makunyanzi yote yakatoka nacho. Ya kwenye paji yalitoka marefu. Ya pembeni mwa macho yalitoka mafupimafupi, na mengine yalihitaji kuvutwa mara ya pili. Mteja alijitazama kwenye kioo, akaomba kahawa.

Hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi. Yalikwenda kwenye karai uani, na ndani ya karai ilikuwamo mikono ya Marcelina.

Marcelina alikuwa binti wa upande wa Kipalapala, amechumbiwa na Nikolaus, na Nikolaus alikuwa Tanga akikata mkonge. Kazi yake ilikuwa kuzifua zile bafta kwa maji ya moto. Nta ilitoka kwa sabuni. Makunyanzi yalipanda na mvuke yakamkaa usoni. Ya Bi Zeyana, mke wa Ghalibu mwenye duka la vitambaa, yalishika paji. Ya memsabu mmoja wa mtaa wa wazungu yalishika shingo, na yalikuwa na wekundu kidogo. Masika yalipokwisha alikuwa na uso wa bibi na mikono ya binti. Mwenzake aliyemtangulia kwenye karai lile, Imakulata, alikufa kwa uzee, meno yake yote yakiwa mdomoni.

"Si uache hiyo kazi," mama yake alimwambia.

"Nikiacha watamchukua Josepha."

Josepha alikuwa mdogo wake. Mama akainamia ungo wake, akaendelea kuchambua karanga.

Jambo moja tu Marcelina alilikataa, na Bi Khole ndiye aliyemfungulia siri, bila haya, huku akimsogezea kuni: "Makunyanzi ya watu hayana mizizi, mwanangu. Siku utakayoitikia shikamoo, ndiyo yataota."

Basi hakuitikia. Watoto wa njiani walipomwamkia "Shikamoo, bibi!" alipita na kapu lake la nguo mbichi, na watu wakasema bibi huyu ana kiburi sana. Katekista wa kijijini kwao alimruhusu asifunge Kwaresima, kwa ajili ya umri. Alifunga hivyo hivyo.

Siku hiyo ya liwa, Nikolaus aliingia kwa mlango wa uani, ametoka stesheni, na blanketi begani na sanduku la bati mkononi. Shingo ilikuwa imenenepa, vidole vimechanwachanwa na miiba ya mkonge.

"Shikamoo, mama. Namuulizia Marcelina. Nimeambiwa anafulia hapa. Yupo?"

Marcelina alimtazama. Kisha akainamia karai. Nikolaus alidhani mama huyu ni kiziwi, akaketi juu ya sanduku lake kando ya ukuta, akangoja.

Bi Zeyana alitoka ndani, mwenye wajukuu wake, uso mwororo kama wa mwali.

"Ee, bibi kizee! Bafta yangu hiyo uifue vizuri, isibaki nta."

Marcelina alisimama. Maji yalimchuruzika viwikoni.

"Bi Zeyana, haya ya kwenye paji ni yako. Yachukue."

"Niyachukue niyapeleke wapi? Mimi nimekuja yatoke."

"Basi kama huyataki, toa na haki yake. Umenipa uzee, nipe na shikamoo yake."

Bi Zeyana alicheka mpaka akashika nguzo. "Mimi? Nimwamkie mfuaji? Khole, unamsikia huyu?"

"Namsikia," Bi Khole alijibu kutoka ndani. "Usicheke sana, shoga, utajikunja."

Alikuwa amekwisha kujikunja, pande zote mbili za mdomo. Bi Khole alitoka na nta iliyobaki, akampaka palepale, akabandua, akatupa kitambaa karaini. Bi Zeyana akafungua mwavuli wake, akaenda zake sokoni.

Marcelina alikifua. Mvuke ukapanda, na mikunjo miwili ya kicheko ikamkaa pembeni mwa mdomo, yeye ambaye siku nzima hakuwa amecheka.

Nikolaus aliyaona yote akiwa juu ya sanduku. Hakushangaa. Kule mkonge alikuwa ameona watu wakirudishwa kwao bila miaka yao. Alichokitazama ni mikono: ilikuwa ikiisokota bafta kwa kushoto, kinyume cha watu wote, kama Marcelina alivyokuwa akisokota nguo kisimani kwao. Aliinuka, akaweka blanketi chini, akashika ncha ya pili ya kitambaa.

"Shikamoo yangu bado iko hapa," alisema. "Na swali langu pia."

Huko mbele gari la memsabu lilisimama, na Bi Khole akaitisha bafta kavu, upesi. Marcelina alifikiri juu ya shikamoo aliyoidai akachekwa, na juu ya hii iliyoletwa kutoka Tanga bila kuombwa, ikakaa uani kutwa pasipo mtu wa kuipokea.

"Marahaba, Niko," alisema, na makunyanzi yakaota. "Nipo. Kamua vizuri, wamekuja wengine."