Dereva Asiyesimama

Tonya Ratliff alikwenda ofisi ya askari wastaafu kutafuta dawa ya sikio, akatoka na habari ya nishani. Tangu arudi kutoka Iraki sikio lake moja lilikuwa likilia kama nyenje wa kiangazi. Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule katika ile milima ya Kentucky ya mashariki, barabara zinazopinda kama utumbo, na watoto walishazoea kumwita mara mbili ndipo ageuke. Mwaka ule mkuu wa karakana hakumficha: apimwe sikio, ama apumzike.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kidogo nyuma ya mahakama ya kaunti, na mwenye chumba alikuwa mzee Hobart Slone, aliyepigana Vietnam. Alikuwa mjane, mtani wa watu wote, na hakuna aliyekumbuka lini alipaswa kustaafu.

"Sikio limeharibikia wapi, binti?"

"Iraki, mzee. Nilikuwa dereva wa lori la mafuta, jeshi la akiba. Msafara wetu ulivamiwa."

"Mkapigwa?"

"Tukapigwa hasa."

Hobart akasoma kumbukumbu zake za jeshi, akavua miwani. "Mbona sioni nishani ya mapambano hapa? Wenzako hawakupewa?"

"Wenzangu walipewa. Mimi nilikuwa hospitali, halafu nikahamishiwa kikosi kingine, jina likasahauliwa. Na mimi sikudai. Sistahili, mzee. Sikufyatua hata risasi moja."

"Nani kakwambia lazima ufyatue?"

"Hakuna. Nilijua tu."

"Alijua tu!" Hobart akaiambia dari. "Hata mimi nilijua tu kwamba marehemu mke wangu hajui kupika, mpaka nilipoanza kula mapishi yangu mwenyewe. Sikiliza, bibie. Sheria haiulizi umeua nani. Inauliza ulikuwepo? Adui alikushambulia? Ukaifanya kazi yako? Haya, kazi yako ilikuwa nini?"

"Kuendesha."

"Uliendesha?"

Tonya akatazama mikono yake. "Niliendesha, mzee. Tena sikusimama. Hapo ndipo penye taabu."

Akamweleza, jambo ambalo hata mumewe alikuwa amelisikia vipande vipande tu. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Lonnie Fugate, mlinzi wake, kijana wa kaunti ya jirani aliyekuwa akimchekesha njia nzima. Bomu lilipasuka upande wa mlango wa Lonnie. Moshi ulipopungua, mguu wa Lonnie haukutazamika, na risasi zilikuwa zikinyesha kutoka kwenye mapaa. Lonnie akapiga kelele, Tonya akasoma midomoni mwake tu: simama, simama! Akampiga ngumi begani. Lakini amri ya msafara ilikuwa moja: ukivamiwa, usisimame. Barabara ilikuwa nyembamba, na nyuma yake yalifuata malori mengine yaliyojaa mafuta. Tonya akamrushia mkanda wa kuzuia damu, akamwambia jifunge, akakanyaga mafuta. Aliliburura lile lori juu ya matairi yaliyopasuka mpaka lango la kambi. Helikopta ikamchukua Lonnie. Baadaye akasikia kwamba mguu umekatwa.

"Ningesimama, tabibu angemfikia," Tonya alisema. "Yule bwana anaishi ng'ambo ya mlima huu, mzee. Miaka yote hii sijathubutu kumpigia hata simu."

Mzee Hobart hakutania. Alipangusa miwani yake kwa ncha ya tai. Kisha akasema, "Luteni wenu nitamtafuta mimi. Lakini anatakiwa pia shahidi aliyekuwa nawe garini. Huyo utamfuata mwenyewe. Simu haitafaa."

Tonya akasema atafikiri. Akafikiri majuma kadhaa. Kila Ijumaa alipopita mbele ya mahakama na basi lake tupu, mzee Hobart alikuwa amesimama ngazini, akimwonyesha mlima kwa kidole. Mwishowe, Jumamosi moja, Tonya akaoka mkate wa matofaa, maana kwao hawaendi kwa mtu mikono mitupu, akaupanda ule mlima.

Nyumba ya Lonnie ilikuwa juu ya mteremko, uwanja umejaa mashine za kukatia majani zilizongojea matengenezo. Mkewe, Charlene, alifungua mlango akiwa na kitambaa cha vyombo begani.

"Samahani, dada. Namtafuta bwana Fugate. Naitwa Ratliff. Nilikuwa…"

Charlene hakumwacha amalize. Alimshika mkono kwa nguvu, kama mtu aogopaye kuponyokwa, akageuka akaita: "Lonnie! Lonnie, acha hizo mashine zako! Dereva wako kaja!"

Lonnie akatokea nyuma ya nyumba akichechemea haraka kwa mguu wa bandia, mikono imejaa oili. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeingia mvi. Akasimama mbali kidogo, kofia mkononi, na Tonya akaona, kwa mshangao, kwamba mtu huyu anaogopa.

"Ratliff," akasema. "Nilidhani hutataka kuniona tena maishani."

"Mimi? Wewe ndiye…"

"Kwa yale matusi."

"Matusi gani?"

"Wee, Ratliff, usinifiche! Nilikutukana wewe, nikamtukana mama yako, nikamaliza na bibi yako aliyeko kaburini. Njia nzima! Nikakupiga na ngumi juu. Umeniokoa roho, nami nakupiga. Asante ya punda mateke, ndiyo hiyo."

Tonya akagusa sikio lake. "Lonnie, sikusikia hata tusi moja. Bomu lilikuwa limeshaniziba masikio."

Wakatazamana. Charlene ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Lonnie, akajishikiza kwenye nguzo ya baraza kwa kicheko. Tonya naye akacheka, na katikati ya kile kicheko machozi yakamtoka, yakakataa kurudi. Lonnie akamwendea, akamkumbatia, na oili yake ikaishia kwenye blauzi ya kutokea.

Walipoketi mezani, mbele ya maharage na mkate wa mahindi, Tonya akalitoa lile lililokuwa likimkereketa. "Ningesimama, huenda mguu ungepona."

Lonnie akaweka kijiko chini. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nilijua tu."

"Basi nisikilize mimi niliyekuwa na huo mguu. Niliamka hospitali Ujerumani, swali langu la kwanza kwa daktari lilikuwa hilo hilo. Akaniambia, mguu uliisha palepale, bomu lilipolia. Kilichokuwa kimebaki ni damu. Akasema, aliyekuleta hakuchelewa hata kidogo, na angechelewa kidogo, tungekuwa tunamwandikia mama yako. Nimetaka kukwambia hayo tangu siku ile. Kila nilipoinua simu nikakumbuka maneno yangu, nikaona haya."

"Mimi nimekuwa nikimsikia akikutaja kwenye sala za chakula," Charlene akaongeza. "'Na yule dereva.' Kila siku. Watoto wetu walikuwa wakidhani ni malaika fulani."

Tonya aliinamia sahani yake, akala mkate wa mahindi uliolowa machozi, na hakumbuki kula chakula kitamu kama kile.

Habari ya ushahidi Lonnie hakuingoja hata ielezwe nusu. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa mzee Hobart kabla ofisi haijafunguliwa. Alisimulia yote, na matusi pia. "Hayo ya bibi yake tuyaache," Hobart alisema. "Jeshi litaelewa." Luteni wa zamani naye akatuma ushahidi wake kutoka Tennessee, akiomba radhi kwamba jina lilimponyoka katika zile siku za vurugu. Maombi yakaenda, yakarudishwa kwa sababu ambayo hakuna aliyeielewa, yakaenda tena. Mzee Hobart alikuwa akipiga simu kwa wakubwa na kujifanya kiziwi kila walipomwambia asubiri. "Sema tena, kijana? Eti imekubaliwa?" Wakachoka wao kabla yake. Majira ya kupukutika majani, jibu likaja: Ratliff anastahili.

Walifanya shughuli katika ukumbi wa wazimamoto. Tonya alitegemea watu wachache wa kanisani na wenzake wa karakana. Akamkuta luteni, sasa ana upara, pamoja na wanaume watatu aliowatambua polepole, kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Walikuwa madereva wa yale malori ya nyuma. Mmoja alikuwa amesafiri siku nzima na binti yake, msichana mrefu mwenye nywele za rangi ya shaba.

"Nilikuwa nyuma yako kabisa," yule bwana alisema. "Naona taa zako, nasema moyoni, akisimama tumekwisha. Hukusimama. Huyu alizaliwa baada ya hapo." Akamsukuma binti mbele kidogo. Yule msichana akamshika Tonya mkono, akasema asante ma'mkubwa, basi.

Lonnie ndiye aliyembandika nishani. Vidole vyake, vinavyojua kufungua kila parafujo, siku hiyo vilishindwa na pini. "Ukinichoma, nitalipiza ile ngumi," Tonya akamnong'oneza. Ukumbi haukujua kwa nini wawili hao wanacheka mbele ya bendera.

Kisha watu wakaanza kumpigia makofi, wakidai: hotuba, hotuba! Tonya, asiyezoea hotuba, alisimama. Akatazama kushoto na kulia, akaona jagi la chai baridi ya sukari. Akalichukua. Akaanza na mzee Hobart, akamjazia bilauri, akamwambia, "Asante, mzee." Akaenda kwa luteni, kwa Charlene, kwa madereva, kwa yule msichana, meza hadi meza, akimtaja kila mmoja kwa jina na kumshukuru, na jagi lilipokwisha akaenda kulijaza tena.