Haradali Isiyoliwa

Asubuhi mumewe alipoanguka bafuni asiinuke tena, haradali aliyoipanda shambani ilikuwa na majani mawili mawili. Ilipomfika magotini, waombolezaji walikuwa wamekwisha kwenda zao, na mjane alikuwa bado hajui ile haradali ni ya nini.

Alikuwa amemwuliza. "Si ya kula, mke wangu. Ni ya udongo." Kisha mume akacheka, naye akadhani ni utani, maana mtu yule hata jino likimuuma alitania. Msimu uliopita nyanya zao zilinyauka zote zikiwa na matunda mabichi. Walipozing'oa, mizizi ilikuwa na vifundo kama shanga. Mwenye shamba walilokodi akasema: msimu mmoja zaidi, mkishindwa nampa mwingine.

Mjane akafanya alilolijua. Akapalilia, akamwagilia. Haradali ikachanua manjano, nyuki wakajaa.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja akasimama mpakani, mikono kiunoni.

"Shemeji, usiiguse. Iache ikauke, tuvune mbegu."

"Kaka yako alisema si ya kula."

"Kaka yangu alisema pia ataishi miaka mia."

Wakacheka wote wawili, kisha hakuna aliyejua aangalie wapi.

Siku iliyofuata aliingia stoo. Marehemu aliugeuza ukuta wa stoo kuwa daftari. Kila kitu alikiandika pale kwa chaki. Juu ya magunia ya samadi yaliyoegemezwa ukutani, mjane akasoma: *Haradali. Maua yakifika nusu: kata, ponda, fukia.*

Akasoma tena. Kufukia kitu kinachochanua? Haukuwa umepita muda mrefu tangu amfukie mumewe mwenyewe, na sasa mwenyewe anamwagiza afukie tena. Akatoka nje, akarudi, akasoma mara ya tatu. Maneno yalikuwa yale yale.

Jumamosi akakata haradali ya nusu ya shamba, upande wa chini. Akaiacha ilale juani ilainike, kama walivyozoea kufanya na mabua ya maharage, ili jembe lisisumbuke. Jumatatu alipovuta magunia achote samadi, akakuta mstari mwingine nyuma yake: *Siku hiyo hiyo. Usiilaze juani.*

Akavaa viatu, akaenda kwa muuza mbegu.

"Umewahi kutafuna mbegu ya haradali, mama?"

"Nimewahi. Ilinipanda puani."

"Basi ukali ule ndio dawa. Ukiponda jani bichi, ukali unatoka. Ukilifukia hapo hapo, unawakuta minyoo wanaofunga vifundo mizizini. Ukiliacha juani, unakwenda na upepo. Mzee hakukwambia?"

"Aliniambia. Nikacheka."

Muuza mbegu akajifanya anapanga pakiti zake.

"Na ile niliyoilaza siku mbili?"

"Hiyo sasa ni mboji tu. Si haba, lakini minyoo hawatajua kama umepita."

"Nikiiacha iliyobaki itoe mbegu, kama anavyotaka shemeji yangu?"

"Itakuwa magugu, na utaipalilia mpaka uzeeke."

Kesho yake alfajiri akamwita shemeji, akamweleza aliyoambiwa. Yeye akakata iliyobaki, shemeji akaponda kwa rungu, kisha wote wawili wakafukia kwa majembe na kumwagilia, mstari kwa mstari, bila kupumzika. Harufu ikawapanda puani.

"Sasa kwa nini asituambie vizuri?" shemeji akauliza, akifuta macho kwa kiwiko.

"Sijui."

"Nawe uliishi naye miaka yote hiyo."

"Ndiyo maana nasema sijui."

Walimaliza jua likiwa utosini. Mjane akaokota bua moja lililosalia, akalitazama, akalifukia kwa mkono.

Sasa ni wiki mbili. Kesho wanapandikiza miche ya nyanya upande wa juu. Upande wa chini amemwaga mbegu za haradali upya, na leo ina majani mawili mawili.