Tajiri Miguuni pa Bikira Maria

Mwalimu Agatha aliwaambia wanafunzi wake wa kidato cha pili jambo moja tu: watengeneze kwa mikono yao kitu cha kuonyesha jinsi watu wa Renaisansi, zama za mwamko wa sanaa Ulaya, walivyoanza kumtazama binadamu upya. Siku ya maonyesho alipoingia ukumbini, alitamani kurudi nyumbani.

Makuba ya makanisa yaliyotengenezwa kwa maboksi yalifanana kama vifaranga, yote yamekatwa na fundi mmoja wa stesheneri pale Nyahanga. Kundi jingine lilikuwa limempaka mwenzao rangi ya dhahabu na kumsimamisha juu ya ndoo.

"Hii ni sanamu, mwalimu."

"Naona. Sanamu inajikuna."

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na picha kubwa kama mlango. Bikira Maria amempakata Mtoto, na miguuni pake amepiga magoti mwanamume mwenye kofia ya pama na saa nene ya dhahabu. Mwanamume huyohuyo alikuwa amesimama kando ya picha akipigwa picha: Maige, mnunuzi wa dhahabu wa machimbo ya Mwakitolyo. Binti yake, Violeth, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Shikamoo, Baba Violeth."

"Marahaba, mwalimu. Unaionaje kazi ya binti yangu?"

"Kachora yeye?"

"Kachora fundi wa mabango. Lakini rangi nimelipia mimi, na binti ni wangu."

"Matajiri wa Ulaya walifanya hivyohivyo. Waliwalipa wachoraji wawaweke karibu na watakatifu."

Maige akatabasamu. "Basi tumepatia."

"Mmepatia. Ila wenzenu walijua kuchagua mchoraji."

Mkuu wa shule, Benedict, ambaye Maige alikuwa amemwahidi mabati ya bwalo, aliitangaza picha ile kuwa ya kwanza. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Agatha alikunja mikono.

Kesho yake alimwita Violeth ofisini, akampa penseli na karatasi tupu.

"Chora mkono wako wa kushoto."

"Sijui kuchora, mwalimu."

"Najua hujui. Utazame."

Violeth alichora, akafuta, akachora tena. Vidole vilitoka vimejikunja kama michembe ya viazi vitamu iliyokaushwa juani. Lakini chini ya kidole gumba aliweka mstari mwembamba, kwa uangalifu.

"Na hiki?"

"Kovu, mwalimu. Nilikatwa na bati nikiwa mdogo. Nilikuwa nimelisahau."

Agatha aliandika juu ya karatasi: *Mbaya. Lakini umetazama.* Akaweka alama ya chini, ndiyo iliyoingia kwenye matokeo.

Maige alifika ofisini kwa Agatha amefura, Violeth nyuma yake. Alitupa karatasi ile mezani. "Mtoto wa nani huyu aliyechora takataka hii?"

Violeth aliiokota karatasi, akainyoosha kwa kiganja.

"Ni ya kwangu, baba," alisema. "Ile nyingine ndiyo ya kwako."

Akarudi darasani bila kungoja ruhusa ya yeyote.