Watakaosimama Chini ya Daraja

Februari ile baridi ilikuwa kali hata Profesa Iskra Doncheva akawa anapasha chaki kwapani kabla ya kuandika ubaoni. Siku hiyo lakini hasira peke yake ilitosha kumpasha moto. Mezani palikuwa na kitabu cha alama cha Kaloyan, kijana aliyechora daraja la malori ambalo, kwa hesabu zake mwenyewe, lisingebeba hata mbuzi mwenye mimba.

"Mpe tatu apite," alisema Tihomir, mkuu wa kitivo, bila kuvua glavu. "Ukimpa mbili anafukuzwa. Serikali inatulipa kwa kichwa, Iskra. Kichwa kikitoka, na pesa zinatoka."

"Na ndani ya kichwa haiulizi mna nini?"

"Mwaka jana uliwaangusha tisa, tukazimiwa joto ghorofa nzima. Unataka tugande?"

"Mwanafunzi wetu Stamen ana mwaka wa pili tangu afe, Mkuu, na bado yumo orodhani. Tena mahudhurio yake ndiyo bora kuliko ya wote!"

Tihomir akamsogezea kitabu cha alama.

"Haya, naandika tatu," Iskra akasema, akafungua kalamu. "Ila mila yetu mainjinia unaijua. Siku malori ya kwanza yanapopita juu, aliyelichora daraja husimama chini yake. Hili tutasimama watatu: yeye, mimi niliyempitisha, na wewe uliyeniamuru. Tia saini kwenye karatasi hii kwamba utakuja."

"Acha utani, mama."

"Nani anatania? Saini!"

Mkuu akaiangalia ile karatasi kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Kaloyan, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akapiga hatua moja ndani.

"Profesa… hata mimi sisimami."

"Kumbe kuna kitu umejifunza!" Akamwandikia mbili, kubwa kama bata.

Tihomir alitoka akabamiza mlango. Wiki haikuisha, mabomba ya kupasha joto ya darasa la madaraja yakawa baridi kama maiti. Iskra alifoka korido nzima: wanahesabu vichwa kama wachuuzi wa kondoo, halafu wajukuu wao wapite juu ya madaraja gani?

Jumamosi alimwita Kaloyan jikoni kwake, penye jiko la kuni, akamwekea supu ya maharage na karatasi nyeupe.

"Septemba utaomba kuingia upya. Chora, mwanangu. Na safari hii chora ukijua atakayesimama chini ni mama yako."