Mabua ya Msimu wa Pili

Jumamosi ile mjukuu wangu alikaa mezani tangu asubuhi, kompyuta mbele yake, chai imepoa mpaka ikaota utando. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nachambua maharage. Karibu na kiwiko chake palikuwa na bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi, na juu ya gundi akaongeza utepe.

"Mke mwenzangu, barua hiyo ya nani?"

"Ya bosi, Bibi. Jumatatu naiweka mezani kwake, na Miwani akatafute kazi kwingine."

Miwani ni mwenzake wa ofisini. Kazi yao ni kulinganisha nchi mbili, yetu na ya jirani. Wakulima wakichoma mabua ya mahindi, ule moshi una gesi inaitwa methani, inayozidisha joto duniani. Mjukuu wangu anapiga hesabu ya kwetu, Miwani ya jirani.

"Mashamba yao na yetu ni karibu sawa," akasema. "Sisi tani elfu nane, wao elfu nne. Ni nani kapunguza kama si yeye? Mwezi uliopita kaenda huko siku tatu, karudi na viatu vinang'aa!"

Kusema kweli, nami nikaingia. Nikamkumbuka Miwani siku alipokuja kwetu, alivyokula ameinamia sahani, hakunitazama usoni hata mara moja. Nikajisemea, kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Yule tangu mwanzo sikumwamini," nikasema.

"Umeona!"

Nikarudi kwenye maharage. Mkono ukichambua, kichwa nacho huchambua. Nimelima mahindi miaka arobaini kabla ya magoti kunikatalia.

"Huko jirani wanavuna mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja. Mvua yao ni moja."

"Na sisi mara mbili. Wewe umeandikaje?"

"Nimejumlisha eneo la misimu yote miwili, nikaweka kwamba robo ya mabua inachomwa. Ndivyo kitabu kinavyoelekeza."

"Sawa. Msimu wa kwanza tunachoma, maana mvua ya pili inabisha hodi na shamba lazima liwe safi. Haya, msimu wa pili anachoma nani?"

Akageuka kuniangalia.

"Ule ni mwanzo wa kiangazi, mama. Nyasi hakuna. Mabua wanakula ng'ombe, na yanayobaki tunapikia. Nimeyabeba kichwani mpaka nywele zikaisha utosini. Ukimchomea mtu mabua ya msimu wa pili, mtafikishana kwa mwenyekiti."

Akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Nikasikia feni ya kompyuta inahema.

"Elfu nne na mia moja," akasema polepole. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekalia kiti kibovu mbele ya wageni. "Bibi, nimehesabu moto ambao haukuwaka."

"Na mimi nimekusaidia kumchukia mtu."

Alitaka kuichana ile bahasha. Nikamwambia amwite Miwani kwanza.

Miwani alifika saa kumi, akakaa kiti cha mlangoni. Mjukuu wangu akamwambia yote, bahasha mkononi. Miwani akanyoosha mkono.

"Nipe niisome."

Akaisoma, ukurasa wa kwanza na wa pili, bila haraka. Nikangoja apandishe hasira, hakupandisha. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Si uichane tu, kaka?" mjukuu wangu akamwomba.

"Nitakaa nayo. Jumatatu tutasahihisha lile jedwali pamoja, mimi na wewe, mstari kwa mstari. Hesabu zako na zangu."

Nikamkaribisha chai, akasema ameshiba. Akanitazama usoni, na safari hii niliyeinamia ungo nilikuwa mimi. Ndipo nikaviona vile viatu vyake. Vilikuwa vikuukuu, soli imeshonwa kwa uzi wa katani, vimepakwa rangi na kupigwa brashi vizuri sana.