Mlango wa Pua ya Ndege

Sanduku lilimfikia Akonkwa Jumanne moja, likiletwa na mama muuza vitenge aliyelivusha mpaka wa Petite Barrière chini ya mizigo yake. Lilikuwa limetoka kwa Olive, binti yake aliyeolewa ng'ambo, Liège. Ndani mlikuwa na vipande vya rezini, rangi yake kama maziwa mgando, vimetiwa katika vifuko vidogo vidogo, pamoja na karatasi ya maelezo yenye michoro hafifu. Vikiunganishwa vyote vingekuwa ndege ndogo ya propela mbili, urefu wake shubiri moja. Juu ya kifuniko Olive alikuwa ameandika: "Papa, ndege yako hiyo. Usikae bure."

Ilikuwa ndege yake kweli. Kwa miaka kumi na minane Akonkwa alikuwa fundi mkuu wa kampuni iliyokuwa na ndege mbili tu za aina ile, mpaka kampuni ikafa, na baadaye uwanja wenyewe ukafungwa, na watu wa Goma wakasahau kuinua vichwa. Sasa alishinda barazani kwake, mtaa wa Keshero, akifungua na kufunga redio za majirani. Mkewe Rosette alikuwa akisema mwanamume asiye na kazi ya mikono hugeuka polisi wa jikoni.

Basi akajitosa. Aliviosha vipande kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Alivikata kwenye vishina vya rezini vilivyoachwa na kiwanda kwa msumeno mwembamba, kisha akavisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, mdomo umefungwa kitambaa, kwa sababu vumbi la rezini likiingia kifuani halitoki. Bawa la kushoto lilikuwa limepinda. Akalitia kwenye maji ya moto, likalegea, akalinyoosha juu ya kioo na kulishikilia mpaka likapoa. Vitundu vilivyoachwa na mapovu ya hewa alivijaza mastiki kwa ncha ya sindano. Mabawa hakuyaachia gundi peke yake. Alitoboa na kupitisha waya wa shaba ndani yake, kama mfupa. Rosette alipita na sahani ya mboga ya lengalenga, akamkuta anaimba.

Kisha ikafika zamu ya mambo madogo madogo, yale yanayoitenga ndege na kitu cha kuchezea: mistari ya mabati, vichwa vya ribiti, makomeo ya milango. Karatasi ya maelezo haikusema kitu. Akonkwa akamkumbuka Katungu, aliyekuwa akiuza tiketi za kampuni, ambaye siku moja alipewa kamera apige picha za kalenda. Kalenda haikutoka, lakini picha Katungu alikuwa nazo bado nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo, katika bahasha ya kaki.

"Chukua zote, Papa Akonkwa," alimwambia. "Miye siziangaliaka tena. Zinaniumiza roho."

Kesho yake asubuhi, jua likipiga vizuri barazani, Akonkwa alizipanga picha mezani na kuchukua kioo chake cha kukuzia. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: mlango wa pua ya ndege, ule wa chumba kidogo cha mizigo cha mbele. Je, makomeo yake yalikuwa mawili au matatu? Aliona aibu kidogo kwamba amesahau.

Picha ya tano iliuonyesha mlango huo, lakini ulikuwa wazi. Mbele yake alisimama mtu mdogo kama punje ya mchele, mgongo kwa kamera, anasukuma ndani mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulionekana vitu viwili vya mviringo. Akonkwa alisogeza kioo. Kofia ile aliijua. Ilikuwa yake.

Pembeni mwa picha kamera ilikuwa imeandika tarehe na saa kwa herufi za manjano. Tarehe ile hakuhitaji kuisoma mara mbili.

Siku ile, miaka kumi na moja nyuma, ndege iliruka saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi kwenda Kindu na abiria kumi na wanne. Haikufika hata Masisi. Mlango wa pua ulifunguka angani, mizigo ikatapakaa, begi moja likagonga propela ya kulia. Rubani alirudi na injini moja, akatua, na wote wakashuka wazima, wengine wakitambaa. Mwenye kazi ya kufunga mlango ule alikuwa Viateur Nsengimana, fundi kijana wa Rutshuru. Viateur aliapa kwamba aliufunga na kuukagua. Ofisini, mkurugenzi na watu wa uchunguzi waliuliza kama kuna aliyeona. Akonkwa akasema, "Miye niliona kwa macho yangu. Komeo la pili hakulizungusha."

Hakuwa ameona chochote. Alikumbuka tu kwamba yeye mwenyewe aliufungua mlango ule asubuhi hiyo, ili amtumie shemeji yake wa Kindu fromage mbili za Masisi, zile jibini za mviringo. Alijiambia kwamba aliufungua mapema, kabla Viateur hajafunga. Alijiambia hivyo siku hiyo, na kesho yake, na mwaka uliofuata, hadi ikawa kama jambo alilosimuliwa na mtu mwingine anayemwamini. Viateur akafukuzwa. Watu waliamini upesi, na Akonkwa alijua sababu moja ya upesi huo: jina la Nsengimana lilikuwa la kabila ambalo miaka ile mji ulipenda kulishuku. Alijua, akaliacha jina hilo limsaidie.

Sasa picha ilikuwa mezani. Abiria walikuwa wameshapanda, ngazi imeshaondolewa. Na kule nyuma, karibu na gurudumu, Viateur alikuwa amesimama na vizuizi vya magurudumu mikononi. Kila aliyefanya kazi uwanjani anajua kwamba vizuizi haviondolewi kabla milango yote haijafungwa na kukaguliwa. Viateur alikuwa amemaliza. Aliyekuja baada yake ni yule mwenye kofia.

Makomeo yalikuwa mawili.

Akonkwa aliigeuza picha uso chini, akaiwekea kopo la rangi juu. Alibaki ameketi mpaka Rosette akamwita kula, akasema hana njaa. Masikio yalikuwa yanamwaka kama mtoto aliyekamatwa na mkono ndani ya sukari. Hapakuwa na mtu barazani, hata hivyo alitazama kushoto na kulia.

Wiki nzima aliendelea na kazi, kwani kuacha kungemletea maswali. Alipitisha rangi nyeusi nyepesi katika mistari ya mabati, akapangusa, mistari ikajitokeza. Alichora makomeo mawili ya mlango wa pua kwa brashi ya nywele tatu, akafuta, akachora tena. Akapaka vernis ya kucha ya Rosette juu ya vioo ili ving'ae. Ndege ikatoka nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza, naye hakuweza kuitazama usoni.

Ndipo akapata wazo la mwoga: ampelekee Viateur ndege ile iwe zawadi, bila neno. Picha aliiacha nyumbani kwa makusudi, isije ikamlazimisha.

Viateur alikuwa na karakana ya pikipiki Ndosho, kibanda cha mbao juu ya mawe ya volkeno. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Alimwona Akonkwa, akasimama, akapangusa mikono.

"Muzee Akonkwa! Karibu. Dancille, leta kiti, tuko na mugeni."

Hakukuwa na kisasi katika sauti yake, na hilo lilimchoma Akonkwa kuliko tusi. Akafungua sanduku. Viateur alinawa mikono kwa sabuni kwanza, kisha akaipokea ndege kwa viganja viwili.

"Aba! Njo yenyewe, ndege yetu," akasema polepole. "Angalia antena. Angalia matundu ya moshi. Na mulango wa mbele... hata makomeo yote mbili umeweka."

"Nimekuletea wewe," Akonkwa alisema. "Ni yako."

Viateur aliendelea kuutazama mlango ule mdogo. "Unajua, muzee, mwanzoni nilikukasirikia sana. Nilisema, anadanganya. Kisha nikajiuliza, muzee kama ule atadanganya sababu gani? Hana shida na miye. Basi nikaanza kuuliza mikono yangu. Pengine kweli sikufunga. Leo nikifunga buloni ya pikipiki, ninarudi kuiangalia mara tatu, mara ine. Wateja wananicheka."

"Na mulango wa nyumba," mkewe Dancille alisema, akiweka kiti. "Anafunga, analala, anaamuka anaenda kuugusa. Kila siku ya Mungu. Na mutoto wetu Umugwaneza, masomoni walikuwa wanamwita Mulango. Miaka kumi alikuwa nayo."

Akonkwa hakuketi. Angeweza kuaga. Miguu yake ilikuwa tayari imegeuka kidogo kuelekea barabarani, naye aliiona ikigeuka.

"Ulifunga," akasema.

"Nini?"

"Ulifunga, Viateur. Mikono yako haina kosa. Miye nilifungua nyuma yako. Nilikuwa natuma fromage Kindu. Sikuzungusha komeo vizuri. Kisha nikasema niliona. Sikuona kitu."

Kijana mteja aliyekuwa anangoja pikipiki yake alisogea pembeni, kama mtu anayepisha jeneza. Viateur aliiweka ndege juu ya kiti ambacho Akonkwa hakukikalia.

"Fromage," akasema.

"Mbili. Iko picha. Katungu alipiga. Iko nyumbani."

"Uliiacha nyumbani."

"Niliiacha."

Viateur akaketi juu ya tairi. Dancille ndiye aliyeichukua ndege, akairudisha sandukuni bila kuivunja, akamsukumia Akonkwa kifuani.

"Beba avio yako, muzee. Hapa hatuna mahali pa kuiweka."

Akonkwa alirudi kwa miguu, sanduku mikononi, pikipiki zikimpigia honi. Nyumbani alimwambia Rosette yote. Rosette alisikiliza akichambua maharagwe, kisha mikono ikasimama.

"Uliniambia zile fromage zilioza njiani," alisema. "Ndugu yangu nilimwambia hivyo. Miye pia nimedanganya miaka kumi na moja, na sikujua." Siku mbili alimpakulia chakula bila kumtazama.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, wafanyakazi wa zamani wa kampuni walikutana kwa Katungu, kama desturi yao, watu tisa pamoja na yeye. Viateur hakuwahi kualikwa tangu afukuzwe. Akonkwa alisimama kabla soda hazijafunguliwa. Alisema habari yote bila kuipamba, kisha akaipitisha picha pamoja na kioo cha kukuzia, mkono kwa mkono. Kila aliyeinama juu ya kioo aliinua kichwa na kumtazama, na kila mara alilazimika kutazamwa upya. Akahesabu vichwa vilivyobaki.

Katungu alikuwa analia kwa hasira. "Uliniomba picha ukasema ni za rangi na mistari."

"Nilikuwa natafuta mistari."

Harelimana, aliyekuwa dereva wa gari la mafuta, aliishika picha kwa muda mrefu. "Na sisi?" akasema. "Yule kijana alilia mbele yetu pale hangari. Hakuna hata mumoja alimuuliza. Tulifurahi tu kwamba si sisi." Akonkwa alisikia kwamba mzigo unagawanywa, akakataa. "Nyinyi mulinyamaza," alisema. "Miye nilisema. Si kitu kimoja." Wakamtaka aandike barua, aitie sahihi, nao watie zao chini kama mashahidi.

Jumatatu aliipeleka Ndosho, picha imebanwa juu yake. Viateur alikuwa chini ya pikipiki. Alitoka, akaisoma akiwa amesimama, akamrudishia.

"Hukuandika saa."

"Saa gani?"

"Saa ya picha. Andika. Mutu asije akasema ilikuwa mbele ya kufunga."

Akonkwa aliweka karatasi juu ya kiti cha pikipiki, akaandika saa: saa mbili na dakika arobaini na moja asubuhi. Viateur alilinganisha na picha, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akachukua simu na kumpigia binti yake Umugwaneza, ambaye sasa anafundisha Butembo. Akaweka sauti ya juu, akaisoma barua yote kwa sauti ya mtu asomaye waraka kanisani, neno kwa neno, pamoja na fromage, pamoja na "sikuona kitu", pamoja na majina manane ya mashahidi. Dancille alitoka ndani na kuegemea mlango. Mafundi wa kibanda cha jirani walizima kompresa yao.

Viateur alimaliza sahihi ya mwisho, akaishika simu juu ya karatasi.

"Papa," Umugwaneza akasema, "huyo mutu aliyeandika, iko hapo?"

"Iko."

"Anasikia?"

Viateur alimtazama Akonkwa machoni, mara ya kwanza siku hiyo.

"Anasikia."

"Basi soma tena."

Akonkwa alitamani ardhi ya Ndosho, iliyowahi kupasuliwa na volkeno mara nyingi, ifunguke kidogo tu. Hakuondoka. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele yake, na Viateur akaanza tena tangu tarehe.