Jina la Mama

Miaka sita nimekaa dirisha namba nne, mgongo umeshakizoea kile kiti kuliko kitanda changu. Benki ya ugenini, tai shingoni, tabasamu la lazima kuanzia saa tatu asubuhi. Mteja wa kwetu akiingia, wenzangu wananisukumia mimi, eti ndugu yako huyo. Ndugu wote hao, na mshahara ni ule ule!

Jumatano hiyo wakanisukumia dada mmoja anayefanya usafi hospitalini. Alikuwa amepoteza kadi, na ndege yake ilikuwa jioni. Mama yake alikuwa mahututi huko nyumbani, na hela ya kumlipia upasuaji ilikuwa kwenye akaunti. Bila kadi, mteja lazima ajibu swali la siri: jina la mama. Akikosea mara tatu, akaunti inafungwa wiki mbili. Na mimi nikimsaidia hata kwa kukohoa, kazi sina. Meneja alishanipa barua mbili za onyo kwa ajili ya huruma zangu hizi, na kibali changu cha kuishi kinategemea kazi hiyo hiyo. Siku hiyo alisimama nyuma yangu, mikono kifuani.

Dada akataja jina. Nikaliandika, kompyuta ikakataa. Akalitaja tena, taratibu, na la ukoo juu. Ikakataa. Jasho likamtoka, na mimi likanitoka kumshinda, maana kosa lilikuwa langu. Miaka miwili nyuma nilimjazia fomu mimi mwenyewe. Nilimuuliza kwa lugha yetu mama anaitwa nani, akanitajia mama yake mkubwa, aliyemlea tangu mchanga. Hilo alinieleza wiki chache baada ya fomu, tukipiga soga. Kwetu nani angeuliza mara mbili? Sasa, kwa kuiogopa ofisi, alikuwa anamtaja marehemu aliyemzaa.

Nilichoka, jamani. Nilichoka na kile kiti, na barua, na kujifanya sijui ninachokijua.

"Dada," nikamwambia, "anayeumwa ni nani?"

"Ni mama."

"Mama yupi?"

"Mama mkubwa. Ndiye aliyenilea."

"Basi mtaje huyo."

Akamtaja, na kompyuta ikakubali. Nikampa hela zake zote.

Meneja hajui lugha yetu, ila masikio anayo. Akauliza tumeongea nini. Ningeweza kumdanganya, lakini uongo nao unataka nguvu, na mimi sikuwa nazo. Nikamweleza neno kwa neno, na kosa la fomu nikaliongezea juu. Akauliza huyu mteja ana mama wangapi. Nikamjibu wawili, na wote ni wake. Hakucheka. Akasema nikimaliza kumhudumia nivue kitambulisho, nimfuate ofisini kwake, na hiyo barua ya tatu itakuwa ya mwisho.

Yote hayo yalisemwa kwa lugha yao, haraka haraka, na dada hakuambulia kitu. Alikuwa anafunga pochi huku anajifuta machozi kwa kiganja.

"Kaka yangu, Mungu akuzidishie," akasema. "Nitarudi mwezi ujao. Nikuletee nini kutoka nyumbani?"

Nilikuwa nimeshavua kitambulisho, nimekishika mkononi.

"Usijisumbue, dada," nikamwambia. "Tutaonana huko huko."